Kukata Bati Jembamba la Aluminiamu kwa Rauta

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba kikiingia karakana huwa bubu. Makala haya hayanuii kujibizana nao. Yanadhamiria kueleza jambo moja lililotugharimu mabati mawili na sehemu nzuri ya michango ya wanachama: namna ya kukata herufi za kibao cha ofisi yetu katika bati la aluminiamu lenye unene wa milimita 1, kwa rauta inayoongozwa na kompyuta.

Rauta asili yake ni mashine ya mbao. Mbao hukatika zikaacha unga. Aluminiamu haina adabu hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini kitambo kabla ya kufika hapo huanza kunata. Kinyoleo kilichopata joto hung'ang'ania ncha ya kisu, kingine kikadandia juu yake, na punde si punde kisu hakina makali tena bali donge linalosugua. Hatimaye huvunjika. Hivyo ndivyo bati letu la kwanza lilivyoraruka katikati ya neno "chama".

Kosa letu lilitokana na uoga. Tulipunguza kasi ya kusogea kwa kisu tukidhani polepole ndiyo salama. Kumbe kinyoleo ndicho kinachobeba joto na kuondoka nalo. Kikiwa chembamba mno, kisu husugua badala ya kukata, na joto lote husalia pale pale. Hesabu yake si ngumu. Kisu chenye jino moja kikizunguka mara 18,000 kwa dakika, na kila mzunguko ukanyoa milimita 0.03, mashine haina budi kusogea milimita 540 kwa dakika. Kisu cha meno mawili kwa mwendo uo huo kitanyoa milimita 0.015 tu kwa kila jino. Ndiyo sababu kisu cha kabidi chenye jino moja hupendelewa, na isitoshe, kina nafasi pana ya kutolea vinyoleo. Kina cha milimita 1 hukamilishwa kwa mapito mawili au matatu, kisu kikiingia kwa mshazari wala si kwa kudidimizwa wima. Matone machache ya mafuta ya taa huzuia kunata. Ni matone, msomaji, si kumwaga, kwani mafuta hayo hushika moto.

Aina ya bati nayo ina neno. Aluminiamu laini, mithili ya ile ya sufuria, hunata kuliko aloi ngumu kama 6061. Sisi dukani hatukuuliza.

Bati la pili tulilikaza kwa skrubu kwenye pembe nne. Mifereji ya kisu chetu ilipinda kuelekea juu, kwa hiyo kilipokata kilivuta bati pamoja na vinyoleo. Likatetema kama ngozi ya ngoma, kingo zikachongoka miba. Fundi mwenye mashine alitazama akacheka: "Mmelifunga pembe, tumbo mmeliacha wazi." Tukapangusa mafuta yote, kisha tukalibandika bati la tatu kwa utepe wenye gundi pande mbili juu ya ubao ulionyooka, utepe ukienea chini ya bati zima. Wengine hulibana katikati ya mbao mbili nyembamba na kuzikata zote pamoja. Njia hiyo hutoa kingo safi zaidi, ila hula mbao.

Palisalia herufi zenyewe. Tundu la "a" hukatwa kwanza, kisha ukingo wa nje, kwa sababu herufi ikishaachana na bati haina pa kujishikiza, na kipande kilicholegea hurushwa na kisu. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Huachwa pia vidaraja vyembamba kati ya herufi na bati, vije kukatwa kwa mkono na kulainishwa kwa tupa.

Jambo moja tu halikuwezekana. Kisu chenye kipenyo cha milimita 3 hakiwezi kuchonga pembe kali ya ndani. Huacha mviringo wa nusu kipenyo milimita 1.5. Ukilitazama kwa makini jina letu kwenye ubao wa mvule mlangoni, utaona makwapa ya "k" yamezibwa kidogo. Tungeweza kuyachonga kwa tupa, lakini kufikia saa hiyo karakana ilikuwa inafungwa.