Esansi na Nguvu ya Injini

Katika mtaa wa Katoyi, mjini Goma, mizigo hupita barabarani kwa njia nyingi. Yuko mtu wa chukudu, anayesukuma baiskeli yake ya mbao juu ya mawe ya volkano. Nguvu ya chukudu hutoka katika miguu na mikono ya mwenyewe, naye huipata kwa kula ugali na maharage. Yuko pia dereva wa pikipiki. Pikipiki haili ugali. Chakula chake ni mafuta yaitwayo esansi.

Huko Mombasa na Dar es Salaam watu huyaita mafuta hayo petroli. Lakini Goma neno petroli ni jina la mafuta ya taa. Ni heri kuyatofautisha vema, maana kosa la jina hilo laweza kuharibu injini, hata kuchoma nyumba.

Mjini Goma esansi huuzwa vituoni, na pia kando ya barabara katika chupa na bidoni. Wauzaji wa barabarani huitwa makadhafi, kwa jina la Kadhafi aliyetawala Libya, nchi yenye mafuta mengi. Anunuaye chupa moja hawezi kujua kwa macho tu kilichomo ndani. Basi inafaa kujua injini inataka nini.

Kazi ya silinda

Ndani ya injini mna chumba cha chuma kiitwacho silinda. Humo pistoni hupanda na kushuka kama mchi katika kinu. Kazi yake ina hatua nne. Kwanza, pistoni hushuka na kuvuta ndani hewa iliyochanganyika na esansi. Pili, hupanda na kuubana mchanganyiko huo. Katika pikipiki nyingi hubanwa hata ukabaki karibu sehemu moja ya tisa. Tatu, buji hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na joto lake huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nne, pistoni hupanda tena na kutoa moshi. Hatua ya tatu peke yake ndiyo inayozungusha gurudumu.

Joto la mafuta

Kila mafuta yana kipimo chake cha joto. Joto la lita moja ya esansi, kama lisingepotea hata kidogo, lingetosha kuchemsha maji ya bidoni tano za lita 20. Wataalamu hupima joto hilo kwa megajuli. Lita ya esansi ina megajuli 32 hivi. Lita ya mafuta ya taa ina 35 hivi, na ya mazutu 36 hivi. Lita ya alkoholi ina 21 tu.

Mtu aweza kuwaza: “Ikiwa mafuta ya taa yana joto kuliko esansi, basi yatie katika pikipiki, nayo itakimbia zaidi!” Sivyo. Pikipiki hiyo itagonga, itatoa moshi, na mwisho itakufa. Kwa nini?

Oktani ni uvumilivu

Hewa ikibanwa hupata joto. Mtu apigaye baiskeli upepo kwa pampu huona pampu imepata moto. Ndani ya silinda ni vivyo hivyo. Mafuta mengine hayavumilii kubanwa. Sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa buji haujaifikia. Ndipo husikika mlio kama wa kokoto zinazotikiswa katika kopo. Mlipuko huo huipiga pistoni isivyopasa, na ukizidi huitoboa. Haraka haraka haina baraka.

Uvumilivu wa mafuta hupimwa kwa oktani. Kuna kimiminiko kimoja kivumilivu kilichopewa alama 100, na kingine kisichovumilia kilichopewa 0. Esansi ya oktani 95 huvumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za kile cha kwanza na sehemu 5 za kile cha pili. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, ingawa joto lake ni jingi.

Basi oktani si joto, wala si nguvu. Lakini oktani kubwa humruhusu fundi kutengeneza injini inayobana zaidi, na injini ibanayo zaidi hupata kazi nyingi kutoka joto lile lile. Injini isiyobana sana haipati faida hiyo. Dereva akiinunulia esansi ya oktani kubwa kuliko inavyohitaji, amepoteza fedha zake bure.

Alkoholi ni mfano mwingine. Joto lake ni dogo, lakini oktani yake hupita 100. Nchini Brazili magari mengi huendeshwa kwa alkoholi ya miwa. Nguvu wanaipata, ila hunywa lita nyingi zaidi kwa safari ile ile.

Mwaka 1921, huko Marekani, iligunduliwa kwamba risasi kidogo ikitiwa katika esansi huongeza oktani. Haikuongeza joto, lakini ilizuia kugonga. Baadaye ilionekana wazi kwamba moshi wake ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Nchi moja baada ya nyingine ikaikataza. Ya mwisho kuuza esansi hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Hewa ya Goma

Kilo moja ya esansi huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iwake yote. Goma iko juu ya bahari kwa meta 1,500 hivi, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Pikipiki ya kawaida ikipanda kutoka pwani mpaka Goma hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Esansi haikupungua, hewa ndiyo iliyopungua. Tena, kwa kuwa hewa hiyo haibanwi kwa nguvu nyingi, injini huridhika na oktani ndogo kidogo kuliko pwani.

Chini ya maji ya Ziwa Kivu mna gesi iitwayo methani. Oktani yake hupita 100, lakini gesi ya ukubwa wa meta moja kila upande ina joto la lita moja tu ya mazutu. Ndiyo maana haiingii katika tangi la pikipiki bila kushindiliwa sana. Inafaa injini kubwa zisizohama. Huko Karongi, nchini Rwanda, mtambo uliofunguliwa mwaka 2016 huitumia kutoa umeme wa megawati 26.

Hatari ya kuchanganya

Mafuta ya taa katika esansi huua injini. Esansi katika taa au jiko huua watu. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la digrii 38 au zaidi. Esansi hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi kuliko barafu. Mvuke huo hauonekani, nao hutambaa chini mpaka ukutane na moto.

Goma inajua jambo hili kwa machozi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na lava ikapita katikati ya mji. Siku chache baadaye watu walikwenda kuchota mafuta katika kituo kilichokuwa karibu na lava yenye moto. Kituo kililipuka, na makumi ya watu wakafa.

Kwa hiyo dereva mwenye akili hununua esansi safi, hasogezi moto, wala hatii mafuta asiyoyajua. Mafuta yawakayo kwa wakati wake hufanya kazi. Yawakayo kabla ya wakati huharibu.

MASWALI
1. Petroli ya Goma na petroli ya Mombasa zina tofauti gani?
2. Taja hatua nne za kazi ya pistoni.
3. Mafuta ya taa yana joto kuliko esansi. Kwa nini hayafai katika pikipiki?
4. Kwa nini pikipiki ina nguvu zaidi Mombasa kuliko Goma?
5. Kwa nini ni hatari kutia esansi katika taa?