GUNIA LA MAHINDI LINAPOPITA TUMBONI MWA KUKU



Wakati wa ukame ule mkubwa, mvua zilipotupa mgongo misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ganze walituita kwenye kikao chao. Walikuwa na magunia kumi ya mahindi ghalani, yaliyonunuliwa kwa michango. Wengine walitaka vinunuliwe vifaranga wa kuku wa nyama na mahindi yale yawe chakula chao, kwani nyama, walisema, ina nguvu kuliko sima. Wengine wakakataa katakata. Maneno yalikuwa makali hata mwenyekiti akafunga daftari, akatutazama sisi.

Hatukutoa jibu siku ile. Tulirudi tukapiga hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo tunayotaka kuwaeleza, kwa maana inahusu kila anayelima, anayefuga na anayevua.

Nguvu yote tunayokula imetoka juani. Jani la muhindi, la muhogo au la mkoko hushika mwanga wa jua na kuufanya chakula. Hushika kidogo sana: katika sehemu 100 za mwanga unaoliangukia shamba, mara nyingi hata 2 hazifiki kwenye mmea. Hicho kidogo ndicho mtaji wa viumbe wote wengine, tangu panzi mpaka mwanadamu.

Wataalamu wana kanuni mbili juu ya nguvu. Ya kwanza yasema nguvu haiongezwi wala haiangamizwi, hubadilika sura tu. Mtu hawezi kutoa kwenye kuni nguvu isiyokuwamo. (Mwalimu mmoja wa katekisimu alituuliza kama kanuni hii haipingani na uumbaji. La, inasema sisi ndio hatuwezi kuumba.) Ya pili ndiyo yenye maumivu: kila nguvu inapobadilika, sehemu yake hugeuka joto, na joto hilo likishatawanyika halikusanyiki tena likafanya kazi. Hebu weka mkono ubavuni mwa ng'ombe aliyekula. Lile joto unalolihisi ni majani ya jana, yanakwenda zake hewani. Na wewe ukilima hadi ukatoka jasho, ndiyo sima ya asubuhi hiyo.

Kwa hiyo mnyama akila, sehemu kubwa ya chakula hutumika kwa kupumua, kutembea, kutafuta maji na kupigana, nyingine hutoka kama mavi, na kinachobaki kuwa nyama ni kidogo. Kijana mmoja Mmarekani, Raymond Lindeman, alichunguza viumbe wa ziwa dogo huko Minnesota akaona jinsi nguvu inavyopungua kutoka kwa mlwa kwenda kwa mlaji. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1942, naye alikuwa amefariki miezi michache kabla, akiwa na miaka 26 tu. Siku hizi hukadiriwa kwamba katika sehemu 100, zinazovuka kwenda kwa mlaji ni kama 10. Si kipimo cha fundi cherehani. Mahali pengine ni 5, pengine 20.

Wavuvi wa Malindi na Ngomeni wanaijua habari hii hata kama hawakuisoma. Kwa nini nguru ni wachache na dagaa ni wengi? Baharini mimea midogo isiyoonekana kwa macho huliwa na vidudu vya maji, vidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na nguru. Ukifuata ile hesabu ya kumi, nguru wa kilo 10 amesimama juu ya kilo 100 za dagaa, na hao juu ya kilo 1,000 za vidudu, na hivyo juu ya kilo 10,000 za mimea. Tani kumi kwa samaki mmoja! Papa anayemla nguru ndiyo usiseme. Ndiyo maana juya, lililopigwa marufuku nchini mwaka 2001, lina hasara kubwa kuliko inavyoonekana: linazoa wadogo kabla hawajawa wazazi, na wakubwa nao wanakosa cha kula. Tasi yeye anakula majani ya baharini moja kwa moja, na mwatiko wa kwenye mabwawa hula zaidi ule utelezi wa kijani. Hawa wako karibu na jua. Kikundi kinachotaka kufuga samaki kianze na hao, kisianze na samaki anayetaka kulishwa samaki wenzake.

Sasa turudi kwenye gunia. Kilo 1 ya mahindi ina kalori kama 3,600. Gunia la kilo 90 lina 324,000. Mtu mzima tukimpa 2,100 kwa siku, gunia hilo lina nguvu ya kumtosha siku 154, yaani miezi mitano. Tulipitishe kwa kuku wa nyama, na tukadirie kwa wema kwamba kilo 2 za chakula zinaleta kilo 1 ya kuku aliye hai. (Hiyo ni kwa chakula kizuri cha dukani, kwa mahindi matupu kuku hakui hivyo.) Tunapata kilo 45. Toa manyoya, matumbo na mifupa, zibaki kama kilo 30 za kula, zenye kalori kama 63,000. Siku 30. Miezi minne imekwenda na joto la banda na kinyesi.

Kinyesi si hasara tupu, tukubali. Kinarudi shambani kama mbolea, na mbolea huzunguka: kutoka udongoni hadi jani, hadi kuku, hadi udongoni tena. Lakini nguvu haizunguki. Inapita mara moja na kwenda zake, ndiyo sababu jua lazima lichomoze kila siku. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili.

Je, tunasema watu wasile nyama? Hapana. Watoto wadogo hasa wanahitaji nyama, mayai na samaki kwa kujenga mwili, na hilo kalori peke yake hazilionyeshi. Jambo la kuuliza ni hili: mnyama huyu anakula nini? Mbuzi anayekula majani ya mgunga hatunyang'anyi kitu, maana sisi majani hayo hatuyawezi. Kuku wa kienyeji anayeokota mchwa vilevile. Mchwa wamekula mabua na miti mikavu, vitu ambavyo tumbo letu halina kazi navyo. Chungu kilichojazwa mabua na mavi makavu ya ng'ombe, kikifudikizwa juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi kina kitoweo cha vifaranga. Shida inaanza pale mnyama na mtoto wanapongojea sufuria moja.

Akina mama wale waliyasikiliza haya, wakabishana tena, wakaamua mahindi yabaki ya kuliwa na vifaranga wangoje mvua. Kuku wa nyumbani wakaendelea na pumba na mchwa. Ila mama aliyekuwa mbele kudai kuku hakuridhika, naye alikuwa na hoja: kuku ni pesa, na ada ya shule hailipwi kwa kalori. Tulimwambia awatazame mbuzi wake. Walikuwa wanatembea mwendo mrefu kila siku kutafuta maji, na majani yalipokosekana walikuwa wakichoma mafuta ya miili yao wenyewe ili waende na kurudi. Kila wiki aliyongoja ilikuwa nyama inayeyuka njiani. Alhamisi aliwapeleka wawili soko la Bamba wakiwa bado na unono kidogo.