Kuwatunza Walioumizwa kwa Neno la Dini

Habari za Shakahola mmezisikia. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu ule wa upande wa Malindi, serikali ya Kenya ilianza kufukua makaburi ya watu ambao, kwa mashtaka yaliyoletwa barazani, mhubiri wao Paul Mackenzie aliwafundisha kufunga hata kufa ili wamwone Yesu. Maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, na watoto wengi wakiwamo. Wala tusiseme ni mambo ya ng'ambo ya Sirari: huko Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia mafuta ya upako.

Leo nataka kusema habari za waliookolewa. Wengine wa Shakahola walipopewa chakula walikikataa, na mwezi wa Juni 65 walishtakiwa kwa kutaka kujiua. Sheria ni sheria. Ila mimi naona mashtaka si dawa ya mtu aogopaye uji kama dhambi.

Atatibiwaje basi? Tabibu akimwambia, "Iache dini," amnyang'anya hata kile kidogo kilichosalia. Mchungaji naye akimwamuru asamehe upesi, amwongezea mzigo, maana sauti ya amri ndiyo iliyomwumiza. Mwaka 1994 matabibu wa akili wa Marekani waliandika katika kitabu chao cha magonjwa kwamba taabu ya dini au ya roho yaweza kuangaliwa na tabibu pasipo kuhesabiwa kuwa wazimu. Kwa hiyo tabibu mwema huuliza: "Mungu uliyefundishwa ni wa namna gani? Wewe mwenyewe wamjuaje?" Kisha hunyamaza, asikilize. Mgonjwa akitaka sala, na iwepo. Asipotaka, si neno.

Someni habari za Eliya, 1 Wafalme sura ya 19. Alitamani kufa. Malaika hakumhubiri, alimpa mkate na maji, akalala, akampa tena. Zilipita siku arobaini ndipo alipoulizwa anafanya nini pale.

Nanyi waalimu, akija kwenu mtu atetemekaye asikiapo wimbo wa kanisa, msimlazimishe kuimba. Mpeni kiti karibu na mlango, apate kutoka apendapo. Lakini asiyekula, asiyelala, au asemaye ataka kufa, mpelekeni hospitali siku ile ile, na mmoja wenu akae naye huko. Wala mtu asimwambie afunge kwanza.