Maradhi na Umri wa Watu

Maradhi hayawashiki watu wote kwa kadiri moja. Surua huwapata watoto zaidi. Shinikizo la damu huzidi kadiri miaka ya mtu inavyozidi. Lakini mwenye kutaka kujua ni watu wa umri gani wanaougua zaidi hana budi kuhesabu vizuri, maana hesabu mbaya hudanganya.

Mfano ni huu. Ikiwa katika mtaa mmoja wa Temeke wanakaa watoto wadogo 100 na watu wazima 400, na katika mwezi wa mvua wakashikwa na malaria watoto 10 na watu wazima 12, mtu wa haraka atasema, "Watu wazima ndio wanaougua zaidi." Amekosa. Katika kila watoto 100 waliugua 10. Katika kila watu wazima 100 waliugua 3 tu. Basi haitoshi kuhesabu wagonjwa peke yao; sharti idadi yao igawanywe kwa idadi ya watu wote wa umri ule.

Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, alikuwako Dar es Salaam mwaka 1897 akichunguza malaria. Baadaye, mwaka 1900, alipima damu za watu wa New Guinea, katika vijiji vyenye malaria nyingi. Akaona vidudu vya malaria katika damu za watoto wadogo wengi, lakini katika watu wazima ni wachache.

Kwa nini? Mtu aumwaye na mbu wa malaria mwaka hata mwaka, mwili wake hujifunza kushindana na vidudu vile. Mtoto mchanga hulindwa miezi michache kwa kinga aliyopata kwa mama yake. Kinga hiyo ikiisha, na yake mwenyewe haijakomaa, ndipo hatari huwa kubwa.

Tena kinga hiyo haidumu isipotumika. Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianza mpango wa kupunguza mbu. Watu wa mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke walitafuta viluwiluwi vya mbu madimbwini na mitaroni, na tangu mwaka 2006 dawa ya kuwaua ikaanza kutiwa humo. Malaria ikipungua, wagonjwa wa kila umri hupungua. Lakini watoto hukua bila ya kuizoea, na wakiwa watu wazima huweza kuugua sana kama watoto. Kwa hiyo mkubwa naye asiidharau homa.

Hata hivyo, mtoto mdogo ndiye wa kuangaliwa kwanza. Baba aliyepona homa yake kwa siku mbili asiseme mwanawe atapona vivyo hivyo. Homa iliyo nyepesi kwa baba yaweza kumwua mtoto upesi. Mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, apimwe damu.