Fundi Asiye na Kipimo ni Mpiga Ramli

Ndugu msikilizaji, fundi wa intaneti anapobisha hodi, wengi wetu humkaribisha, humwonyesha ukuta, kisha tukaenda zetu jikoni. Juma hili naomba tusiharakie jikoni. Tuutazame kwanza mfuko wake wa kazi, maana humo ndimo ulimo usalama wa fedha yetu, na wa fundi mwenyewe.

Fundi wa simu wa zamani alifanya kazi na shaba. Koleo, bisibisi, kisu cha kumenyea waya na simu ya kupimia laini vilimtosha. Shaba ilikuwa na uvumilivu: ukiisokota na kuifunga tepu, mazungumzo yalipita, ijapokuwa kwa mikwaruzo.

Lakini tangu mikongo ya baharini ilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, faiba imekuwa ikiingia mitaani mwetu, na sasa imefika hadi sebuleni. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme. Unene wa kioo hicho ni maikroni 125, yaani kama unywele mnene, na njia yenyewe ya mwanga, pale katikati, ni maikroni 9 hivi. Njia nyembamba kiasi hicho haina msamaha. Chembe moja ya vumbi yatosha kuiziba.

Ndiyo maana fundi wa faiba huhitaji kikatio maalumu kinachokata kioo wima kabisa, na alkoholi safi ya kufutia ncha. Ikibidi kuunga, iko mashine inayoyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme zikawa kitu kimoja.

Vifaa vyote hivyo hukata na kuunga. Kinachoeleza kama kazi imefaulu ni kipimo cha mwanga, kidude kinachoenea kiganjani. Fundi huchomeka ncha ya faiba, na namba ikatokea, nayo kwa kawaida huwa hasi. Katika mitandao mingi ya nyumbani, hasi 20 ni namba nzuri. Ikishuka hadi hasi 27, kisanduku chako kiko ukingoni. Kila namba inaposhuka kwa 3, nusu ya mwanga imepotea. Kwa hiyo kutoka hasi 20 hadi hasi 26, umebakiwa na robo tu.

Fundi asiye na kipimo hicho atafanya nini? Atapiga ramli. Leo atasema, "Nunua ruta nyingine." Kesho atasema tatizo ni waya. Mwenye nyumba analipa mara mbili, kumbe faiba imekunjwa kona nyuma ya kabati, na mwanga unavuja hapo.

Tena kubahatisha huku kuna hatari. Wako wanaochungulia ncha ya faiba waone kama mwanga upo. Mwanga huo hauonekani kwa macho, lakini unaweza kulidhuru jicho bila mtu kuhisi. Vipande vya kioo navyo hupenya ngozini kama miiba, hivyo miwani ya kazi na kichupa cha kuvitupia si anasa. Na juu ya nguzo, ambako waya wa simu hupitana na wa umeme, mkanda, kofia ngumu na testa ya umeme ni uhai wa mtu.

Tusimlaumu fundi peke yake. Kijana aliyetumwa na tajiri wake kuhudumia nyumba kumi kwa siku, bila kipimo mfukoni, amepewa kazi nusu. Anayepaswa kuulizwa ni yule aliyemtuma.

Nasi wenye nyumba tunayo sehemu yetu. Kabla fundi hajafunga mfuko wake, mwulize kwa heshima, "Ndugu fundi, namba ni ngapi?" Iandike, uibandike juu ya kisanduku. Siku intaneti itakapokwama, fundi atakayekuja ataanzia hapo. Kuuliza si ujinga, ndugu msikilizaji. Tukutane juma lijalo.