Wakati Ujao Haufundishwi kwa Kibao Shingoni

Swali ni moja, na Oyugis linaulizwa kila muhula unapofunguliwa: Dholuo ipigwe marufuku nyumbani ili Kiingereza cha mtoto kinyooke? Mzazi anayeuliza huja na ushahidi wake. Mtoto wa PP2, darasa la pili la chekechea, amesema, “Yesterday we will go to Kisumu.” Au ametoka mlangoni akiwaambia wenzake “I'm coming,” kisha akatokomea. Lawama zote zinamwendea dani, yaani bibi, ambaye anaombwa asimsemeshe mjukuu kwa lugha ya nyumbani mpaka Kiingereza kishike.

Jibu ni hapana. Limetolewa na wachunguzi wa lugha za watoto kwa miongo kadhaa, na inachosha kuona swali likirudi muhula hadi muhula huku dani wakinyamazishwa.

Ichukuliwe hiyo “yesterday”. Mtoto wa Boston ambaye hajawahi kusikia hata neno moja la Dholuo hukosea vivyo hivyo. Akiwa na miaka mitatu, huenda anachojua ni kwamba “yesterday” na “tomorrow” ni siku nyingine, si leo. Kutenganisha iliyopita na ijayo kunamjia polepole, na kupima umbali, kwamba jana iko karibu kuliko wiki iliyopita, huchelewa hadi baada ya kuingia shule. Hayo ni mambo ya kukua, na hukua kwa kila lugha. Nayo “I'm coming” ni “nakuja” ya Kenya nzima, ile ambayo mtu mzima huitamka akiondoka, kwa maana kwamba atarudi. Mtoto ameiokota kwa wakubwa wake, na huenda aliisikia kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote.

Kiingereza chenyewe hakina kiambishi cha wakati ujao. Kinaazima huku na huku: “will”, “going to”, “we are leaving tomorrow”, hata “school opens on Monday”. Mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo hazipati zote kwa mpigo. Roger Brown wa Harvard alichapisha mwaka 1973 uchunguzi wake wa watoto watatu aliowaita Adam, Eve na Sarah. Vitenzi vya “-ing” vilitangulia, na mapema zikajitokeza “wanna” na “gonna”. Yaani mtoto huanzia kwa anachokitaka na anachokaribia kukifanya. Kutabiri mambo yasiyomtegemea yeye, kama mvua, kwa kawaida hufuata baadaye.

Kisa ambacho kila mzazi angepaswa kukijua ni cha Emily, mtoto wa Kimarekani ambaye maneno yake ya peke yake kitandani yalirekodiwa tangu akiwa na miezi 21 hadi 36. Mwanasaikolojia Katherine Nelson aliyatolea kitabu mwaka 1989. Kabla ya kulala, baba yake alikuwa akimweleza yatakayofanyika kesho yake: nani atakuja, wataenda wapi, watanunua nini. Akishaachwa gizani, Emily aliyarudia kwa sauti, akayapanga na kuyapangua. Hakuna aliyemkaririsha chochote. Alipewa kesho yenye mambo ndani yake, na mtu aliyeimudu vizuri lugha aliyoitumia.

Mtoto wa miaka mitatu wa Kosele au Ringa anayesema “abiro dhi”, na akiharakisha “abo dhi”, ameshaushika wakati ujao. Dholuo inatumia kitenzi cha kuja pale Kiingereza kinapotumia cha kwenda, na midomo inakifupisha kama “going to” inavyofupishwa kuwa “gonna”. Kazi nzito, ya kutambua kwamba jambo lisilokuwapo linaweza kusemwa, ameifanya kwa lugha ya dani. Kilichobaki ni kujua Kiingereza kinalisemaje.

Halafu anafika shuleni na kukutana na jedwali: I shall, you will, he will. Mgawanyo huo uliandikwa na John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, katika sarufi aliyoitunga kwa Kilatini mwaka 1653, na watoto wa Uingereza ya leo hawazungumzi hivyo. Mtoto anayekaririshwa kwamba kila jambo la kesho lazima libebe “will” ataandika siku moja, “If it will rain, we will stay at home.” Kalamu nyekundu inapita, na nyumbani kesi inafunguliwa tena dhidi ya Dholuo. Lakini Dholuo husema “ka koth ochwe”. Kiswahili husema “mvua ikinyesha”. Kiingereza husema “if it rains”. Lugha zote tatu zimeacha alama ya wakati ujao katika sehemu ya sharti! Mtoto huyo angefuata alichokinyonya nyumbani, angepata. Kosa limetoka kwenye jedwali, na anayeadhibiwa ni dani.

Dawa mbaya kuliko jedwali ni kibao anachovalishwa mtoto shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza mwaka 1986 katika kitabu chake Decolonising the Mind: anayenaswa akisema lugha ya mama hukabidhiwa kidude, naye humvizia mwenzake wa kumpa, na mwisho wa siku waliokishika wanachapwa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, ila kibao bado kina watetezi, tena miongoni mwa wazazi wanaolipa karo. Watetezi hao hawajajiuliza kinamfundisha nini mtoto. Anayeogopa kukosea husema tu anachoweza kukionyesha kwa kidole: kikombe, mlango, daftari. Kesho haionyeshwi kwa kidole. Inataka sentensi ndefu na uthubutu wa kuikosea, na kibao kinaua vyote viwili.

Hofu ya kwamba lugha mbili zitavurugana kichwani ilijibiwa na Fred Genesee wa Montreal mwaka 1989: hata watoto wadogo kabisa wanaochanganya maneno huonyesha kwamba wanazitenganisha lugha zao. Afrika nayo ina jaribio lake. Kuanzia mwaka 1970 huko Ife, Nigeria, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake waliwasomesha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake. Watoto hao hawakuachwa nyuma katika Kiingereza. Kenya yenyewe ilipendekezewa na ripoti ya Gachathi mwaka 1976 lugha ya eneo kwa miaka mitatu ya kwanza, na mtaala wa umilisi wa mwaka 2017 unasema hivyo hadi Gredi ya 3. Shule inayomkataza mtoto wa Oyugis Dholuo katika PP1 inakwenda kinyume na mtaala wa nchi.

La kufanya? Jioni, mwelezeni mtoto ya kesho kwa lugha mnayoiweza zaidi, iwe Dholuo, Ekegusii au Kiswahili, kisha mwacheni naye aeleze. Akisema “Yesterday we will go”, jibuni “Yes, tomorrow we're going to Kisumu” na msafara uendelee, bila somo wala karipio. Walimu waanze na “going to”, sufuria ikiwa karibu kuchemka mbele ya darasa, “will” ifuate kwa ahadi, “shall” ibaki kwa “Shall we go?”, sentensi za “if” na “when” zifunzwe zikiwa nzima, kwa hadithi. Mtoto wa miaka minne asiyesema lolote la kesho katika lugha yoyote, au asiyeelewa anapoambiwa, apimwe masikio kwanza, kisha apelekwe kwenye kituo cha tathmini cha EARC. Vituo hivyo vilianza mwaka 1984, na afisa wa elimu wa kaunti ndogo anajua cha karibu kiko wapi.