JE, WAJUA? Tingatinga alipitia Tanga

Je, wajua kwamba Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake, aliwahi kuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge mkoani Tanga? Mzaliwa huyo wa Tunduru alihamia baadaye Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora chui, ndege na tembo kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli, inayong'aa. Alifariki mwaka 1972. Mwaka 1990 wafuasi wake waliunda ushirika wa wachoraji. Leo mtindo huo unapamba hata kuta. Na kwa kuwa Tingatinga alipitia Tanga, kuta za Usagara, jijini humo, zinastahili sana heshima hiyo.